Nani Amechukua Umugwaneza.kivu

Burungu, tarehe 6 Machi

Mwanangu Josiane,

Ninakuandikia mikono ikiwa bado na maziwa, kwa hiyo karatasi ikikunukia usishangae, njo mama yako huyo. Huku tuko. Jirani yetu Papa Hakorimana ukuta ya zizi ilimuangukia lakini iko anatembea. Ng'ombe wanakula. Mvua iko. Wenye bunduki wamehamia kilima ingine, hatujue kama watarudi. Wewe uko namna gani? Kutoka Noeli hujanitumia hata foto moja. Tukisemeshana ku simu, rezo inakatika palepale nikianza kuuliza maswali. Rezo ya kwenu Mpofi iko na akili sana.

Sasa sikiliza. Papa Straton wa depo ya Mubambiro, yule ananiuzishia fromaji ya maziwa yetu mu Goma, alipanda mpaka hapa mwenyewe na moto, ile pikipiki yake. Muntu mwenye tumbo sawa ile apande moto mpaka Burungu, nikajua kuko neno. Alikataa hata kiti. Akaniambia, "Mama Verdiane, wamechukua jina yako."

Nikamuuliza, wameichukua namna gani, na mimi ninajiita nayo hapa mbele yako?

Akanieleza. Ninakuandikia vile nilisikia, wewe uliyesoma utanyoosha. Mu intaneti kila duka iko na anwani. Anwani iko na kichwa na mukia. Kichwa njo jina, mukia njo zile herufi zinafwata kisha nukta. Zamani mikia ilikuwa michache na wakubwa walishaimaliza. Sasa wanatengeneza mikia mipya, na moja ni ya kwetu, .kivu. Muntu yeyote anaweza kuomba jina anayotaka mbele ya ile mukia, na mwenye kutangulia njo anaikamata. Kuko muntu ametangulia. Amechukua Umugwaneza.kivu.

Josiane, unajua Umugwaneza ni nini. Ni jina baba yangu alinipa, na njo jina tunakandamiza juu ya kila fromaji mbele haijaanza kukauka. Unakumbuka ule mwaka watu fulani waliuzisha fromaji ya uongo na jina yangu, maziwa ya kuongezwa maji ya muto, watoto wa shule wakaumwa tumbo? Wamama walikuja kunitukania hapa mu lango, na mimi sikukuwa hata nimeigusa. Tangu pale njo Papa Straton aliiandikisha Kinshasa ikakuwa marke, mwingine asiuzishe chini yake. Na ile marke wameiingiza pahali pamoja na marke zingine za dunia, pahali penye muntu akigusa jina yako mu mukia mupya, kengele inalia. Kengele imelia.

Anasema tukikaa kimya, yule muntu atafungua duka ku ile anwani. Watu wa Goma na Bukavu na hata Ulaya wataona Umugwaneza, watafikiri ni mimi. Atauzisha chenye anataka. Tumbo zikiuma, ni mimi watatafuta.

Sasa ninauliza bila kuzunguka. Mu familia yetu yote, muntu wa mambo ya intaneti ni mumoja. Iko na antena juu ya nyumba, Mpofi yote inakuja kwake kutafuta koneksyo. Sisemi ni yeye. Ninasema tu kwamba ile antena iko juu ya nyumba yenye unalala. Muulize. Muulize wakati anakula, juu mwanaume akiwa anakula hajue kudanganya vizuri.

Barua nimemupa Noël motari, yule anabeba watu na pikipiki. Nimeifunga na gundi, kisha na uzi. Ukikuta uzi imekatika, uniambie.

Mama yako anayekupenda na ambaye hapati usingizi,
Verdiane Umugwaneza


Mpofi, tarehe 19 Machi

Mama yangu mpenzi,

Uzi ulifika mzima. Noël ndiye aliyelalamika. Anasema, "Mama wa Burungu ananiona sawa mwizi." Nimemwambia asijali, unawaona hivyo watu wote, hata padri.

Mimi niko salama. Kama mwandiko wangu unapanda na kushuka, ni malaria kidogo, imeshapita. Usianze kumaliza rozari.

Habari ya jina nimeisoma, nikairudia. Mama, ninakuomba kitu kimoja tu. Usitie sahihi karatasi yoyote ya Papa Straton. Subiri. Nitakueleza yote, lakini si leo, na tafadhali usiniulize kwa nini si leo. Hapa hakuna mtu anayetengeneza fromaji ya uongo. Hapa hata ng'ombe hakuna, unajua mwenyewe, ni msitu na mihogo na ndizi. Jina lako halitapata aibu kutoka Mpofi. Hilo ninakuapia.

Bienvenu nilimuuliza akiwa anakula, kama ulivyoagiza. Alicheka mpaka bugali ikampalia. Kisha akaacha kucheka, akanawa mikono, akatoka nje. Anakusalimia sana. Angependa kukuandikia mwenyewe lakini unajua desturi ya kwao, mkwe hamsemeshi mama mkwe wake uso kwa uso, na yeye anasema barua nayo ina uso.

Njia ya Masisi wanasema itafungwa tena. Barua zangu zikichelewa usidhani vibaya. Ninajua utadhani vibaya. Lakini jaribu.

Mtoto wako,
Josiane


Mubambiro, tarehe 24 Machi

Kwa Mama Verdiane Umugwaneza, Burungu

Mama mheshimiwa,

Nakusalimu pamoja na wote wa zizini. Ningependa kuzungumza kwanza habari za mvua, lakini jambo letu haliningojei.

Kuna kitu sikukwambia siku ile nilipopanda kwako. Kabla mkia wa .kivu haujafunguliwa kwa watu wote, wenye marke walipewa muda wao wa kutangulia, na taarifa ya muda huo ililetwa kwenye anwani ya depo. Niliiona, nikaifuta. Matapeli wa intaneti huandika vilevile: jina lako liko hatarini, harakisha, bonyeza hapa. Hata hii ya pili, ile ya kengele, nilitaka kuifuta. Ni mwanasheria mmoja wa Goma, mteja wa fromaji yako, aliyenizuia mkono.

Sasa tumepata jina la aliyeandikisha. Kaa chini kabla ya kuendelea kusoma.

Anajiita Umugwaneza Verdiane. Makao yake, Mpofi, Walikale.

Mama, wewe hujawahi kuishi Mpofi. Mwanasheria anasema mbinu hiyo inajulikana: anayechukua jina la mtu hujifanya ndiye mtu mwenyewe, ili akiulizwa aseme ni jina lake la kuzaliwa. Wenye kuamua kesi hizi watataka kujua kama anwani inafanana na marke yako, kama aliyeichukua ana haki yoyote juu ya jina hilo, na kama aliichukua kwa nia mbaya. La kwanza halina ubishi. La pili na la tatu yanategemea utakachosema wewe.

Pamoja na barua hii nakuletea karatasi ya pingamizi. Imeandikwa kwa Kifaransa, tafuta mtu akusomee. Chini kabisa kuna sentensi inayosema kwamba humjui mtu huyu na kwamba hana haki na jina. Ukishatia sahihi, anwani itafungwa siku hiyohiyo tutakapoituma, hakuna atakayeweza kuitumia mpaka kesi iishe.

Juu ya mkweo sisemi kitu. Nasema tu kwamba Mpofi si mji mkubwa.

Wako katika kazi,
Straton, mkuu wa depo


Burungu, tarehe 28 Machi

Josiane,

Nimekasirika, na nikikasirika herufi zangu zinakuwa kubwa, kwa hiyo karatasi itaisha mbio.

Papa Straton ameleta jina ya mwizi. Unajua anaitwa nani? Anaitwa mimi. Umugwaneza Verdiane wa Mpofi. Nilikaa juu ya ndoo ya maziwa, nikasoma tena. Nikamuita Papa Hakorimana, nikamuambia, soma na wewe, labda macho yangu imechoka. Akasoma. Ilikuwa tu mimi.

Wakina Verdiane wako wengi. Wakina Umugwaneza pia wako. Lakini zote mbili pamoja, na mu Mpofi? Nani pale anajua jina yangu ya ubatizo na ya baba yangu, na anajua kuziandika bila kukosa? Ao siku hizi Bienvenu anavaa pagne yangu, anafunga kitambaa ku kichwa, anajiita mama mukwe? Kunisemesha desturi inamukataza, lakini kujiita mimi desturi inamuruhusu. Nimuulize ni desturi gani hiyo.

Na wewe unasema nisubiri. Nisubiri nini, mwanangu? Unasema malaria. Malaria haifanye muntu aandike na mukono moja. Mimi njo nilikufundisha kushikilia karatasi na mukono ya kushoto, tangu ungali kidogo, mbele hata ya masomo. Ile barua yako karatasi ilikuwa inatembea na herufi zinaikimbilia nyuma. Ule mukono wa pili ulikuwa wapi? Nani alikuwa anaushika? Nimewaza mpaka nimeona vibaya. Nimeona bwana yako amesimama juu ya bega lako, anakuambia andika hivi, hapana, andika hivi, muambie asitie sahihi.

Kama anakufungia mu nyumba, tuma tu karatasi yenye haina kitu. Nitaelewa. Nitakuja, bariyeri ya askari iwepo ao isiwepo. Kitanda yako hakuna muntu amelala juu yake.

Na kama hakufungii, kama ni nyinyi wote wawili mu hii kazi, basi sijui nikuambie nini. Ile jina ilikulisha. Njo ilikutuma ku shule. Mikono yako mwenyewe ilikuwa inaikandamiza ku fromaji asubuhi mbele ya kuvaa uniforme, na ukikosea ikatoka upande ulikuwa unalia. Muntu kama ile anaweza kuiuzisha? Ninajiuliza, ninakataa, kisha ninajiuliza tena.

Karatasi ya pingamizi nimetia sahihi. Pale pa kusema simujui huyu muntu na hana haki na jina, nilikaa sana. Mukono ilikataa. Alafu nikakumbuka wale wamama mu lango, na mumoja alikuwa amebeba mutoto wake anatapika. Nikatia. Noël ameshaishusha Mubambiro.

Ninakupenda hata hivi. Lakini uzi wa hii barua nimeupitisha mara mbili.

Mama yako


Mpofi, tarehe 16 Aprili

Mama,

Njia ilifungwa kweli. Barua yako imelala njiani na Noël ameifikisha jana. Uzi wote ulikuwepo.

Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika mtoto.

Ngoja. Usitoke nje. Usimwite Papa Hakorimana. Soma mpaka mwisho kwanza.

Ni msichana. Alizaliwa Februari, kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba muuguzi hakutaka kunitazama usoni. Tulimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, mimi nikichoka Bienvenu anavua shati anampokea. Alikuwa anakaa naye hivyo huku anawahudumia watu wa koneksyo, wanamcheka, yeye anawaambia kazi ya antena ni hiyohiyo, kushika kitu kidogo kisipotee. Sasa ananyonya kwa nguvu, na akicheleweshwa ana hasira za mtu ninayemjua.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Mama, unawakumbuka wale wawili waliotangulia. Wa kwanza ulinunua kofia na soksi, ukasimama baada ya misa ukatangaza. Wamama wa parokia walikuja na sabuni na maziwa na nyimbo. Alipopotea, walirudi walewale kunipa pole, na mimi nikasimama kuwapikia chai. Wa pili vilevile. Si kwamba sikukuamini. Ni kwamba furaha yako ina sauti kubwa, inafika kila mahali kabla ya mtoto. Mara hii nilitaka kuogopa peke yangu, ili nikipoteza tena nisimpikie mtu chai.

Habari ya jina, ninamwachia Bienvenu kalamu. Amekubali, lakini amegeuzia karatasi mgongo na anaandika kwa upande.

Mama mukwe, unisamehe kukusemesha. Ninaangalia ukuta. Kwetu mutoto akipewa jina la mukubwa, yeye na ule mukubwa wanakuwa muntu mumoja. Lakini jina halitamkwe nje mpaka zawadi ya kulifungua imufikie ule mukubwa. Kuku, ao pagne, ao nyama ya pori. Baba wa mutoto njo anaipeleka na miguu yake. Zawadi inawekwa kwanza mu mikono ya mutoto, ikuwe yake, kisha yeye njo anaipa mukubwa. Mimi njia zilinikatalia. Kuku ingeliwa ku bariyeri ya kwanza, pagne ku ya pili. Nikaona ile mikia mipya, nikasema hii zawadi hakuna askari anaweza kuila. Nikaiandikisha kwa jina la mutoto, njo lile lako, sawa desturi inavyotaka. Mashine iliniuliza, kuko marke inafanana na hii jina, unajua? Nikajibu ndiyo, ninaijua, ni ya mwenyewe. Ikaniuliza kama ninaendelea, nikaendelea. Ikasema mwenye marke ataarifiwa. Nikafurahi sana. Nilifikiri ile kengele inakuambia zawadi imefika. Sikujua inakuambia umeibiwa. Pagne yako sivae. Bienvenu.

Mama, ni mimi tena. Wametuandikia. Anwani imefungwa. Wanasema mwenye marke ametangaza kwamba hamjui mtu huyu na kwamba hana haki na jina. Bienvenu ameisoma, akazima mashine. Kwao mkubwa akilikataa jina, limekataliwa. Mtoto anatafutiwa jingine, na lile halitajwi tena katika nyumba hiyo. Mjomba wa Bienvenu ameshauliza tutamwita nani. Nimemwambia asubiri barua.

Hatujamwita kitu mpaka leo. Tunamwambia tu "wewe".

Ni wewe wa kusema.

Josiane


Burungu, tarehe 22 Aprili

Papa Straton,

Rudisha ile pingamizi. Yote, na ile karatasi ya chini. Nilisema simujui yule muntu. Nilisema bila kujua ninasema nini. Ninamujua. Nimemungojea miaka.

Ni mujukuu wangu. Ni ya Josiane, alizaliwa Februari, na jina nimemupa mimi, leo, kwa hii mikono inaandika. Wale wenye kuamua walitaka kujua kama iko na haki nayo, andika iko nayo. Walitaka kujua nia mbaya, andika yule muntu hajaota meno. Kama hawaamini, watume mwanasheria amuangalie mu kinywa.

Usiniambie haiwezekane. Uliniambia marke inanipa haki ya kukataza. Muntu mwenye haki ya kukataza iko na haki ya kukubali, na kama mu karatasi yako haimo, iongeze. Mimi mwenye marke nimekubali. Wafungue ile anwani mbio. Kuko nyumba moja Mpofi wanaita mutoto "wewe" juu ya sahihi yangu.

Usifikiri pia nimekuwa mujinga. Ku ile anwani hakuna fromaji itauzishwa ila yenye imetoka hapa kwangu, nikiwa nimeiona na macho. Wewe njo utachunga. Mukwe wangu ni muntu muzuri, lakini mashine ikimuuliza kitu anajibu ndiyo. Na wewe mashine ikikuambia kitu unafuta. Nyinyi wawili nitawaangalia mpaka nife.

Nimemuita Noël. Leo anakushushia hii barua, kesho ananipeleka Mpofi, tunapita kwako mbele ya saa sita, ukuwe umeshaandika ile barua ya kurudisha pingamizi, nitaisikiliza yote mbele haijaenda. Kama njia imefungwa nitashuka ku moto nitembee. Bienvenu akigeuza uso, mimi nitapita nyuma yake nimuchukue mutoto.

Watakuuliza, huyu Umugwaneza Verdiane wa Burungu na huyu wa Mpofi, wa kweli ni nani? Usijisumbue na Kifaransa mingi. Andika kwamba ni muntu mumoja.

Na hii habari, Papa Straton, ninakuomba na mikono miwili, usiambie muntu. Wala bibi yako, wala ku kanisa. Mutoto akipata nguvu mama yake atasema mwenyewe. Asubuhi hii wamama wa parokia walinikuta ku chemchemi, wakasimama, wakaniangalia. Mama Elisabeth akauliza, Mama Verdiane, mbona unacheka peke yako?

Nikamuambia ni mvua.

Verdiane Umugwaneza, wa Burungu